Namba Nne

Mimi wivu ninao, sikatai. Wengine huuficha, wangu unaingia ndani kabla sijapiga hodi. Kwa hiyo mume wangu, mwalimu wa hesabu mwaka wa kumi na tano sasa, alijua fika anajitafutia nini alipofungua mdomo mezani Jumapili ile.

Mdogo wake wa kike alikuja kutulilia shida. Wachumba wamekuwa wengi, hajui amkubali yupi. Badala ya kumwambia asikilize moyo wake, Mwalimu akachukua kalamu.

"Tuseme utakutana na wachumba kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine," akasema. "Asilimia thelathini na saba ya kwanza, yaani wanne, unawaangalia tu. Unawapima, unawaacha, hata wawe wazuri vipi. Baada ya hapo, wa kwanza atakayewazidi hao wanne wote, huyo huyo. Funga hesabu. Hakuna njia inayokupa nafasi kubwa zaidi ya kumpata aliye bora."

"Makubwa!" binti akacheka. "Na wewe kaka, wifi ulimpata hivyo?"

"Daftari nilikuwa nalo," akajibu, huku anatafuta chumvi.

Chakula kikanishinda palepale. Daftari! Kumbe kabla yangu walipita wanne, wakapimwa, wakaachwa, na mimi nikaja kuwa wa tano au wa sita, labda nimewazidi kwa nusu alama. Nilimbana chumbani. "Mama watoto, hayo ni ya zamani," akasema, akachukua taulo akaenda kuoga. Mtu akikwambia hayo ni ya zamani, jua yapo.

Nilishinda siku tatu nawatafuta hao wanne kichwani. Muuza duka? Yule nesi anayemchekea sana? Mimi ni fundi cherehani, na siku hizo nilishona mikono ya kulia miwili kwenye blauzi moja.

Siku ya nne akaingia karani wa shule anayofundisha Mwalimu, amekumbatia kitambaa cheupe. Anaolewa Jumamosi ya wiki inayofuata.

"Wifi yangu, nimekuja kwako kwa ajili ya Mwalimu," akasema. "Mimi na yeye tumetoka mbali, tangu chuo."

Ananiita wifi, eti Mwalimu ni kaka yake. Kaka gani huyo! Damu ikanipanda. Nikajiambia, huyu ndiye wa nne, wa mwisho kuachwa, aliyekaribia kuichukua nafasi yangu. Nikampima kifua, kiuno, nyonga, na kila nilipozungusha tepu nilikuwa najilinganisha naye. "Kiuno thelathini na mbili," nikasema kwa sauti. Changu sikitaji.

Kwenye daftari langu la vipimo, mahali pa jina, nikaandika Namba Nne. Na kwenye kiuno nikaandika thelathini. Singizii mkono kuteleza. Niliandika mimi, kwa makusudi, na roho ikatulia.

Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi, akaja kujaribu. Zipu ikapanda mpaka kiunoni ikagoma. Akavuta tumbo ndani, nami nikavuta zipu kwa bidii ya unafiki. Wapi!

"Nimenenepa," akasema. Nikaona machozi yanamlengalenga. "Miaka yote hii nimesubiri, leo hata gauni linanikataa."

Nilikuwa na pini mdomoni. Nilidhani ningefurahi. Yeye akageuka kutafuta leso, macho yakaangukia daftari langu lililokuwa wazi mezani.

"Mbona mimi ni namba nne?" akauliza. Kidole kikashuka. "Na hii thelathini ni ya nani? Si ulisema thelathini na mbili?"

Nikatema pini. Ningeweza kudanganya, lakini nikishapandwa na hasira huwa nabwata. Nikamwaga yote: ya mezani, kanuni, daftari, wanne walioachwa. "Na wewe ndiye wa nne, usinizuge!"

Akacheka, gauni likiwa wazi mgongoni, mpaka akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Wifi, lile daftari nalijua. Wewe ulikuwa wa pili."

"Wa pili? Si angeniacha?"

"Ndivyo kanuni ilivyotaka. Nilimwambia mwenyewe, Mwalimu, bado hujafika wanne, endelea. Akaniambia kanuni ile ni ya mtu anayeweza kuendelea kuhesabu. Yeye tangu akuone ameshindwa. Kurasa nyingine zote zilibaki nyeupe."

Nilijisikia mwepesi, mwenzenu, nikataka kucheka naye. Miaka yote hii mume wangu ameishi nami kwa hesabu aliyoikosea kwa ajili yangu, na hajaniambia! Lakini wivu nao una ukaidi wake. Nikauliza, "Na wa kwanza alikuwa nani?"

Kicheko chake kikaisha. Akaanza kuichezea ile zipu, juu kidogo, chini kidogo.

"Wa kwanza ndiye aliyeachwa kwa kanuni," akasema. "Wa kwanza alikuwa mimi."

Aliyetupwa kwa hesabu alikuwa mmoja tu, na mimi nimempunguzia inchi mbili ili gauni limbane siku ya harusi yake.

"Vua," nikamwambia. "Sikukata kitambaa, nilikibana kwa ndani. Kinafumuka."

Nikafumua mshono mmoja mmoja, yeye amekaa kando yangu na kanga begani. Kwenye daftari nikafuta Namba Nne, nikaandika jina lake lote, na kiuno thelathini na mbili. Halafu nikamwongezea nusu inchi, ili siku hiyo apumue.