Usiyatie Sukari

Mgeni hakupiga hodi mara tatu kama ilivyo ada. Alipiga moja tu, akajikalia barazani, akaanza kulegeza kamba za kiatu cha mguu wa kulia, mguu uliovimba ukawa kama mtungi. Nadhira alikuwa ndani akidarizi kofia ya viua. Aliposikia ile pumzi nzito, alijua kwamba huyu hakuja kununua kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Nadhira uliyetoka Bustani?"

Sindano ikamchoma kidole. Tangu arudi Bagamoyo, miaka miwili, hakuna aliyelitaja jina hilo mbele yake. Kholood, mama yake mdogo aliyempokea, alikuwa amewaonya majirani wote, hata muuza samaki anayepita na baiskeli.

"Naitwa Mwishehe, wa Mkange," mgeni akasema. "Baba yake Lulu."

Lulu! Kwa miaka mitano mikeka yao ilikuwa imegusana. Nadhira alizijua nyayo za Lulu, kikohozi chake, namna alivyojikunja usingizini kama kamba wa baharini. Sauti yake hakuijua sana, maana huko waliruhusiwa kusema mara chache.

Bustani ilikuwa kambi ng'ambo ya mto Wami, baina ya mikoko na mashamba ya chumvi. Mtu mmoja aliyejiita Mlezi aliwakusanya humo watu arobaini na kitu, wote wakiwa wamechoka na dunia. Nadhira aliingia mwaka mmoja kabla ya Lulu, baada ya posa yake kuvunjika. Alitafuta utulivu, na mwanzoni aliupata. Kisha utulivu ukawa na masharti. Walikula kwa idhini, wakanywa kwa idhini, wakainua macho kwa idhini. Sharti la kwanza kabisa, kabla mtu hajapewa mkeka, lilikuwa kurudisha radhi. Mashahidi wawili walikufikisha mlangoni kwa mzazi wako, nawe ukasema ulivyofundishwa: *Radhi yako nakurudishia. Sina mzazi duniani ila Mlezi.* Mzazi akisema amepokea, imekwisha. Akinyamaza, mashahidi huhesabu kwamba amepokea.

Watu wa pwani hawasafiri, hawaozeshi, hawafi kwa amani bila kushikana mikono na kusema "niwie radhi". Mlezi aliijua vema kamba aliyokuwa akiikata.

"Siku walipomleta Lulu," mzee akasema, "mimi nilikuwa shamba napura ufuta. Akauambia mlango. Jirani ndiye aliyesikia. Jioni narudi, naambiwa mwanao alikuja, na wewe umenyamaza. Sikunyamaza, mwanangu. Sikuwepo!" Akaukandakanda mguu wake. "Miaka saba sasa. Mara mbili nimefika langoni kwao, nimeambiwa Lulu hana baba. Na huu moyo nao umechoka. Daktari kanikataza hata kuinua ndoo. Nimeona nisife na jibu mdomoni. Nikasikia sokoni Lugoba kuna mdarizi wa Bagamoyo aliyetoka kule. Wewe unajua pengine pa kumpata."

"Siwezi, mzee."

"Hawezi," Kholood akadakia, akija na kahawa. "Nikimwekea maji, hanywi mpaka nimwambie kunywa. Mtu wa miaka thelathini na minne! Na mimi naondoka asubuhi kwenda dukani. Siku nyingine narudi nakuta gilasi imejaa na midomo yake imepasuka. Umpeleke kule tena, mzee, nani atamrudisha?"

Mwishehe hakubisha. Alikunywa kahawa, akamsifu mpishi, akaenda kuswali adhuhuri, akarudi akakaa palepale. Hakuomba tena. Kukaa kwake ndiko kulikuwa kuomba.

Alasiri Nadhira akaweka kofia chini. "Mzee, radhi ikisharudishwa, yaweza kukataa kurudi?"

"Radhi si sahani ya futari, jirani aioshe akurudishie. Mimi nilimpa siku aliyozaliwa. Sina hata pa kuipokelea."

Mzee alipokuwa akisema hivyo, Nadhira alimtazama usoni, akatamani kuyaamini maneno yale. Hakumwambia kwa nini. Kesho yake, kabla jua halijapanda, walikuwa juu ya gari la mizigo kuelekea Mkange.

Walilala kwa mzee, na alfajiri wakashika njia ya miguu kwenda upande wa bahari. Mwanzo palikuwa na mashamba ya ufuta yaliyokwisha vunwa, kisha vichaka, kisha nyika ya mikoche iliyosimama mbali mbali kama watu waliogombana. Mzee alitembea hatua ishirini akapumzika, hatua ishirini akapumzika. Kila walipopumzika alikuwa na la kusema: huyu ndege anaitwa hivi, huyu anakula kupe wa nyati, mti huu ukichemsha mizizi yake unaponya tumbo ila si la mkwe. Nadhira alitembea macho chini, kama alivyozoea.

"Umepoteza nini?" mzee akamuuliza.

"Sijapoteza kitu."

"Basi inua kichwa. Mwenye kutazama chini porini ni mwindaji au mwenye deni."

Akainua. Mbele yao, hata hatua mia hazifiki, twiga alikuwa akila majani ya mgunga. Akageuka akawatazama, akaendelea kutafuna taratibu. Nadhira akamkazia macho. Alingoja sauti ya kumwambia basi, teremsha, sauti haikuja. Akamtazama yule mnyama mpaka akatosheka, na kitu fulani kifuani kikalegea kidogo, kama fundo la uzi linapokubali ncha ya sindano. Kwa kitambo kile aliwaza kwamba pengine dunia ingeweza kumponya, kwa kuwa tu haikumtaka kitu.

Mzee akampa kibuyu cha maji. Akakishika, akangoja.

"Sasa?"

"Nangoja uniambie."

Mwishehe akacheka hadi akakohoa. "Mimi mkulima wa ufuta, sina cheo cha kuruhusu maji! Kunywa, mwanangu, kabla hatujafa wote wawili hapa, fisi wakatucheka."

Akanywa. Lakini alikunywa kwa kuwa ameambiwa, naye alilijua hilo. Lile fundo likajikaza tena.

Jua lilipowachoma vilivyo walikaa kivulini, na hapo akamwambia. Alimwambia kwa sauti ya chini, akichora mchangani kwa kijiti.

"Mimi mama yangu alikuwepo, mzee. Alikuwa anachambua mchele. Nikasema yale maneno, naye akaweka ungo chini, akajipangusa mikono. Akasema, nimepokea. Akafunga mlango polepole, kama mtu anayemfungia mtoto aliyelala. Mwaka wa nne akafa. Niliambiwa miezi mitatu baadaye. Wamemzika, wamehitimisha, mimi nakwangua chumvi."

Mzee akautazama ule mchoro wa mchangani.

"Wewe unasema radhi haina pa kupokelewa. Na yeye alipokea."

Alingoja. Alikuwa amekuja safari nzima kwa ajili ya jibu la hapo. Mwishehe akailaza fimbo yake mchangani. Alikuwa mtu mkweli, na ukweli haukumpa kitu cha kutoa.

"Sijui, mwanangu," akasema mwishowe. "Wallahi sijui."

Wakainuka wakaendelea. Hakumtajia tena majina ya ndege.

Baada ya adhuhuri wakafika mwisho wa nchi kavu. Mbele yao tope la mikoko, jeusi, limetobolewa na kaa. Katikati yake mkondo mwembamba. Na ng'ambo, mashamba ya chumvi yaking'aa hata macho yakauma. Maji yalikuwa yamekupwa. Wanawake kama kumi, wote kwa mavazi ya rangi ya majivu, walikuwa wakikwangua chumvi kwa reki za mti, kimya.

"Lango halina faida," Nadhira akasema. "Saa hii hutoka nyuma. Maji yakirudi, nao hurudi."

Mwishehe akautia mguu wake topeni. Ukazama hadi gotini. Akauvuta, haukutoka, Nadhira akamshika kwapa akamrudisha ukingoni, wote wakihema, mzee midomo imekuwa ya kijivu.

"Basi," akasema. "Ni wewe. Mwambie sikuwepo. Mwambie sijapokea. Hayo mawili tu."

"Nitamwambia."

"Na jingine. Atakalokujibu, uniletee kama lilivyo. Usiyatie sukari maneno yake. Nimelishwa sukari miaka saba na majirani: atarudi, mzee, atarudi. Niahidi."

"Nakuahidi," akasema. Wakati ule aliiona ni ahadi ndogo.

Akapandisha baibui, akaingia. Tope lilimfika magotini, mkondo ukamfika kiunoni. Alipotokea ng'ambo, mwanamke wa kwanza alimwona, akateremsha macho. Wa pili vivyo hivyo. Nadhira akatoa salamu, hakuna aliyeitika. Alijua sababu. Mtu akitoka Bustani huswaliwa sala ya maiti, na maiti hajibiwi salamu. Yeye mwenyewe aliwahi kusimama safu ya pili akimswalia mtu aliyekuwa hai.

Lulu alikuwa shamba la mwisho. Alikuwa amekonda, visigino vimepasuka kwa chumvi.

"Lulu, baba yako yuko pale ng'ambo. Siku ile hakuwepo nyumbani, alikuwa shamba. Hakunyamaza. Anasema hajapokea."

Reki ikasimama. Lulu akainua macho bila idhini ya mtu, akatazama ng'ambo ya tope, kwenye kile kimtu kilichoegemea fimbo. Aliangalia kwa muda wa kuvuta pumzi moja, pengine mbili. Nadhira akasahau kuvuta yake.

Kisha Lulu akasema, kwa sauti ya kusikika shamba zima:

"Radhi yake nimemrudishia. Sina mzazi duniani ila Mlezi. Mwambie asije tena."

Reki ikaanza. Nadhira alimtafuta usoni: jicho kulowa, mdomo kutetemeka, chochote. Hakuona kitu. Aliujua uso ule. Aliwahi kuuvaa mbele ya ungo wa mchele.

"Nadhira." Ilikuwa sauti ya Sabah, msimamizi wa wanawake, laini kama zamani. Ni yeye pekee aliyeruhusiwa kusema na maiti. Alikuwa na kata ya maji mkononi. "Umechoka, dada yangu. Mkeka wako hatujampa mtu. Kunywa."

Kunywa. Neno moja, na koo lake likafunguka lenyewe. Mikono yake ikaipokea kata kabla hajaamua. Hakuna tena kungoja, hakuna kukaa mbele ya gilasi nzima asubuhi nzima. Kila kitu kitaamuliwa, na mama yake hatakuwepo mawazoni, maana huko hakuna mwenye mama. Aliinua kata hadi karibu na midomo. Maji yalinuka moshi, harufu ya miaka sita.

Ng'ambo, mzee akakohoa. Kikohozi kirefu, kikavu, cha mtu anayengoja.

Nadhira akaiweka kata juu ya chumvi, akageuka. Nyuma yake Sabah hakumwita. Hilo lilimuuma kuliko kuitwa.

Mkondo ulikuwa umeanza kujaa. Maji yalimfika kifuani. Ndani ya maji yale akayapanga maneno. Angeweza kusema Lulu alilia. Angeweza kusema alikutazama, mzee, alikutazama muda mrefu, akaniambia nikusalimie, ila kulikuwa na msimamizi. Nusu yake ingekuwa kweli. Mzee angelala usiku huo kwake Mkange na moyo mtulivu, na pengine asiamke, na asingejua. Kuna ubaya gani?

Tena lilikuwapo hili: sentensi ile alikwisha apa, kaburini kwa mama yake, kwamba haitapita tena kinywani mwake hata akifa. Yeye ndiye aliyeisema ikapokewa. Sasa aisimamishe tena mbele ya mzazi, amtazame usoni, aiseme.

Alipopanda ukingoni, ametapakaa tope hadi nywele, Mwishehe alikuwa ameketi, mikono juu ya fimbo. Hakuuliza. Uso wake ulikuwa umefunguka kama mlango wa nyumba yenye kungoja mgeni.

"Alisema," Nadhira akaanza, akafuta tope mdomoni. "Alisema, radhi yake nimemrudishia. Sina mzazi duniani ila Mlezi. Mwambie asije tena."

Upepo wa bahari ulivuma ukapita katika majani ya mikoche. Mzee aliinamisha kichwa kidogo, akatega sikio.

"Sikusikia vizuri, mwanangu. Upepo. Alisemaje?"

Nadhira akamtazama. Hakujua kama kweli hakusikia, au alikuwa anamfungulia mlango wa kupitishia sukari; anamwonea huruma yeye, au anajionea mwenyewe. Ng'ambo wanawake walikuwa wamejipanga mstari, wanarudi ndani, na hakuna aliyegeuka. Maji yalikuwa yameshafunika tope.

Akapiga magoti mbele ya mzee, akaishika mikono yake miwili, akasogea mpaka sikioni. Akayasema tena, polepole, moja baada ya jingine, yote, kama yalivyokuwa.