Hoteli ya Ajambo Yakataa Moshi

Norah alipotoka hospitalini Tororo, daktari alimwonya kwamba kifua chake hakitaki tena moshi wa aina yoyote. Dada yake, Ajambo, alikuwa na hoteli ndogo ya chakula Busia, upande wa Uganda, karibu na forodha. Akahamishia jiko nje, nyuma ya nyumba, naye Norah akapewa kazi ya kupakua ndani. Moshi wa mkaa ukaisha, ukabaki wa sigara.

Wateja wao wengi walikuwa madereva wa malori waliosubiri karatasi zao zipite forodhani. Mvutaji mkubwa kati yao alikuwa Ecodu, mtu wa Kisoko, mcheshi, mpenzi wa samaki na ugali wa wimbi. Ajambo alimwomba kwa upole awe anavutia nje. Ecodu akaomba radhi na kutoka. Kesho yake akawasha tena palepale mezani, kwa sababu nje jua lilikuwa kali. Ajambo akachoka kuona vitambaa vya meza vikiunguzwa, akawawekea wavutaji makopo ya kudondoshea majivu.

Redioni alikuwa amesikia kwamba sheria inakataza kuvuta sigara mahali watu wanapokula. Akaenda ofisi ya afya kushtaki. Akaambiwa arudi Jumatatu. Jumatatu mhusika alikuwa semina. Alipompata hatimaye, mwanamke kijana aitwaye Patricia, aliahidiwa kwamba wangefika. Wiki zikapita. Norah alikuwa akipakua huku amejifunga leso puani, na usiku anakohoa mpaka anakaa kitandani.

Walikuja adhuhuri moja, Patricia na askari. Ecodu na wenzake waliona sare kupitia mlangoni, wakatoka upande wa pili, sahani zikabaki na chakula. Ndani moshi ulikuwa bado umetanda, makopo yamejaa vichungi.

"Mwenye hoteli nani?" askari akauliza.

"Mimi. Na ndimi niliyewaita."

Patricia alisema anajua hilo, na kwamba anasikitika, lakini sheria inamshika pia mwenye mahali. Hapakuwa na tangazo ukutani, na makopo yale yalikuwa ni kama kuwakaribisha wavutaji.

"Wavutaji ni wale pale, ng'ambo ya barabara," Ajambo akasema. "Si mnawaona?"

Askari akatazama. Akasema wale hawana sigara mkononi.

Ajambo akapelekwa kituoni. Norah alibaki peke yake, akihudumia ndani, na wali ukaungua nje. Ajambo alirudi jioni, ametozwa faini, akapita moja kwa moja kukaa jikoni bila kumsalimu mtu.

Kesho yake Ecodu alikuja kama kawaida. Akampa pole Ajambo, akaagiza samaki, akala kidogo, kisha akatoa sigara na kuiwasha. Ajambo akaiondoa sahani mbele yake.

"Mama, mimi sijamaliza."

"Maliza kwanza kuvuta. Nje. Chakula kitakungoja."

"Nje kuna jua, Mama."

"Basi nenda kwa jirani."

Ecodu alimtazama kuona kama anatania. Kisha akasimama, na meza nzima ikasimama naye. Siku ile hakurudi dereva hata mmoja.

"Dada, ungewaacha tu," Norah akasema. "Mimi ningekaa nje kwenye jiko."

"Kwenye moshi wa mkaa?"

Norah akaanza kukusanya sahani. Ajambo alikuwa na hasira na Ecodu, na Patricia, na yule askari. Kwa kitambo kidogo alikuwa na hasira hata na kifua cha Norah, halafu akaona aibu kwa kuwaza hivyo.

Alasiri walikuja wanawake wawili wauza nguo, wakala, wakasifu samaki. Samaki waliobaki, dada hao waliwala wenyewe jioni, na bado wengi wakabaki sufuriani. Norah alikula vizuri, akasimulia habari ndefu za jamaa zao wa Lunyo bila kukatishwa na kikohozi. Ajambo alimwitikia kwa neno moja moja. Hasira ilikuwa bado haijamtoka.