Sukari Ikishuka

Kazi yangu ni kukagua madai ya bima, na kuna kanuni moja hunitia kichefuchefu: mgonjwa wa kisukari akipata nafuu, tunaacha kumlipia dawa. Aliyeitunga hajawahi kuugua hata mafua.

Mama mkwe wangu ana kisukari, na dawa yake tunailipia sisi, lakini kila akipimwa, sukari iko juu. Nikaapa kwamba walioitengeneza ni matapeli watupu.

Leo nilimpeleka kliniki mwenyewe. Nilikwenda dirishani kumwandikisha. Niliporudi, nikamkuta kwenye benchi akigugumia soda.

“Mama! Unataka kujiua?”

“Punguza sauti, mwanangu,” akasema, akijifuta mdomo kwa kiganja. “Dawa inanifaa mno. Sasa nyinyi wa bima mkijua, si mtaninyang'anya?”