Mkaki Nambari 412

Saa sita na dakika arobaini mchana, Jumatano ya pili ya Oktoba, Mahnoor Lodhi aliinua mguu wa kulia ili auoshe kwenye sinki la choo cha wanawake, ghorofa ya tatu, Kitivo cha Uchumi, akakuta tangazo. Lilibandikwa juu ya bomba, ndani ya plastiki, kingo zimenyooka. "Masinki ni ya kunawia mikono. Tunaomba ushirikiano wa watumiaji wote." Chini ya maneno palichorwa mguu uliopigwa mstari mwekundu wa kukataza. Mguu wenyewe ulipakwa rangi ya kahawia.

Watumiaji wote walikuwa mia nane. Aliyetawadha pale alikuwa mmoja. Lakini chuo kile kilikuwa cha watu wastaarabu, na mstaarabu hakuambii wewe. Anawatangazia watu wote, kisha anakuachia ujitambue. Mahnoor alijitambua, akashusha mguu, akavaa soksi.

Alizaliwa katika hospitali ya mji huohuo. Baba yake alitoka Gujranwala, Pakistani, kabla yeye hajazaliwa, akafungua yadi ya magari yaliyotumika kando ya Barabara ya Nane, na Mahnoor alikulia hapo, akiongea Kijapani kizito cha pwani ile ya Hokuriku kama wanavyoongea akina mama wauza samaki. Wanafunzi waliotoka Osaka na Nagoya walimsifu kwamba Kijapani chake ni kizuri sana. Alishazoea kujibu asante.

Mwezi wa Aprili alikwenda kwenye karamu ya kuwakaribisha wapya. Alikunywa chai ya barafu, na kila baada ya dakika kumi mtu alimwuliza kama kweli hawezi, hata funda moja tu, hata la kulowesha ulimi. Baada ya hapo hawakumwalika tena, wakasema ni kwa kumhurumia, asije akapata tabu. Huruma hiyo ilimfanya ale chakula chake cha mchana peke yake kwa miezi sita. Alikula juu kabisa mwa ngazi, mbele ya mlango wa paa uliofungwa kwa kufuli, na hapo hapo alitandika taulo akasali adhuhuri. Hakuwa akitaka makubwa. Alitaka dakika saba za kusali na mtu wa kula naye.

Basi baada ya tangazo alianza kubeba maji kwenye chupa tupu ya chai, akawa anaoshea miguu kule kule juu. Maji yaliingia kwenye ufa wa saruji pembeni mwa ukuta, akaufuta ukingo wake kwa kitambaa ili asije akaandikiwa tangazo la pili.

Jumatatu iliyofuata, mche ulikuwa umetoka ufani. Ijumaa ulimfika kiunoni. Kufikia mwanzo wa Novemba ulikuwa mkaki mzima, mti wa matunda upandwao kila mahali Japani, shina nene kama paja, matawi yamegusa dari, umejaa makaki mekundu ya kung'aa, makubwa kuliko nyanya za sokoni. Mti ulipita katikati ya saruji bila kuipasua zaidi ya pale ilipokuwa imepasuka.

Mama Tsubouchi, mfagizi wa jengo, aliuona wa kwanza. Aliegemea ufagio wake.

"Binti, huu mti haumo kwenye ratiba yangu. Majani yakidondoka anafagia nani?"

"Nitafagia mimi, mama."

"Haya. Na tunda moja unipe."

Bwana Kuwahara wa Ofisi ya Majengo alipanda na futi ya kupimia. Alihakikisha kwamba mti hauzibi kifaa cha kuzimia moto, akaupigilia kibao cha bati, maana kila mti wa chuo una nambari. Huu ulipewa 412. Alimsifu Mahnoor kwa Kijapani chake, akateremka.

Matunda yale yalikuwa matamu ajabu, hayana kokwa. Na mkono mtupu haulambwi. Wa Mahnoor sasa haukuwa mtupu. Wanafunzi ambao tangu Aprili walikuwa wakimpita kama nguzo walijua ghafla jina lake, wakalifupisha.

"Mafu! Bwana we, tupe moja basi!"

"Mafu, umekaa huku muda wote huo? Mbona hukusema? Mchoyo we!"

Walikaa kwenye vidaraja vya ngazi, wakala, wakamwuliza habari za mtihani wa takwimu. Alipotandika taulo walishusha sauti kidogo, wakaendelea kutafuna. Mmoja alimsogezea mfuko wake usikanyagwe. Mahnoor alisali huku midomo ikifyonza nyuma yake, na aliporudi nyumbani alimwambia mama yake kwamba amepata marafiki. Alifurahi kweli. Tusimcheke, alikuwa na miaka kumi na tisa, na alikuwa amekula peke yake miezi sita.

Siku kumi na mbili zilipita hivyo.

Siku ya kumi na tatu alikuja Dada Chihiro Nagase wa mwaka wa tatu, mwenye sauti laini na faili la bluu. Alikuwa ameunda Jumuiya ya Mkaki, na jumuiya ilikuwa imeshafanya kikao.

"Mafu, hatukufukuzi, usinielewe vibaya," alisema Chihiro. "Sisi tunakupenda. Ila sasa mti huu ni wa wote, si ndiyo? Na mahali pa wote si pazuri pawe na mambo ya dini. Wengine wanaweza wakajisikia vibaya."

"Nani amejisikia vibaya?"

"Hakuna. Lakini anaweza akatokea."

"Mimi nasali dakika saba tu, dada. Nitajibana pembeni."

"Ndiyo, ndiyo. Lakini ndiyo dakika hizo hizo za mapumziko. Tumeona uuachie mti nafasi, upumue."

Mahnoor alitazama vidaraja. Wale waliomjua jina walikuwa wakichunguza makaki yao kwa makini, kana kwamba yana maandishi. Yule aliyemsogezea mfuko alikuwa amekalia taulo. Aliinuka akamrudishia, akaomba radhi mara tatu, kisha akakaa tena.

Kuanzia hapo Mahnoor alisali nyuma ya banda la baiskeli, na alitawadhia kwenye bomba la bustani. Kesho yake matunda ya mti yakawa na ukakasi. Aliyeuma alikunja uso, ulimi ukamshika kama aliyelamba chokaa, akatema mkononi. Yote yalikuwa hivyo, ya juu na ya chini, yaliyochumwa na yasiyochumwa.

Hakuna aliyeuliza kwa nini. Katika nchi ile mtoto wa darasa la tatu anajua dawa ya kaki lenye ukakasi: unachovya kikonyo kwenye pombe kali ya viazi, unalifungia kwenye plastiki siku nane, linakuwa tamu. Jumuiya ilinunua chupa sita. Mapipa ya plastiki yalipangwa kwenye ngazi, na ghorofa ya nne ikanuka kama kilabu.

"Wajinga hawa," alisema Mama Tsubouchi, akimkuta Mahnoor bandani anakunja taulo. "Mti unawaambia kitu, wao wanaunywesha."

"Uwaambie basi, mama."

"Mimi? Mimi mfagizi, binti. Mimi nikisema, wanasogeza miguu nifagie."

Wiki moja baadaye majani yalianza kujikunja. Walimwagilia maji ya bomba, mti ukayakataa, yakatiririka hadi ghorofa ya pili. Walimwagilia maji ya chupa, nayo pia. Bwana Kuwahara, ambaye hakuwa mpumbavu, alifungua daftari lake la matukio, akasoma tarehe za tangazo na za mche, kisha akamwita Mahnoor ofisini. Alimpa kiti na chai.

"Bi Lodhi, tuna ombi kidogo. Hayo maji yako ya... ya miguu. Tungeomba uendelee kuyatoa."

"Nimekatazwa kuosha miguu kwenye sinki, bwana."

"Tumelirekebisha hilo."

"Na kusali pale juu?"

Bwana Kuwahara alivuta pumzi kati ya meno, kama wanavyofanya watu wa ofisi za huko jibu linapokuwa hapana.

"Hilo lina ugumu," alisema. "Mahali pa wote, unajua. Lakini Kijapani chako, kwa kweli!"

Tangazo jipya lilibandikwa mchana ule ule, kingo zimenyooka. "Masinki ni ya kunawia mikono. Ni marufuku kuosha miguu, isipokuwa kwa ajili ya mti." Mguu wa kahawia ulibaki na mstari wake mwekundu, ila pembeni yake waliongeza jani dogo la kijani.

Mahnoor angeweza kukataa. Alilifikiria hilo usiku mbili. Lakini mti ulikuwa unakufa, na haukuwa na kosa, basi akarudia kuubebea maji. Mti haukufa, ila matunda yalibaki na ukakasi.

Desemba, theluji ilipoanza kulala, Jumuiya ilifanya sherehe chini ya mkaki. Mkuu wa kitivo alihutubia juu ya kuishi pamoja kwa watu wa asili mbalimbali, akala makaki matatu. Mahnoor alialikwa. Alipewa boksi lenye utepe, limeandikwa kwa mkono: "Kwa Mafu, mwenzetu." Alipolifungua, harufu ya pombe ilimpanda puani.

"Kula basi, usione haya!" alisema Chihiro. "Bila wewe tusingekuwa nayo."

"Yana pombe, dada."

"Ya kuchovya tu! Imeshakauka."

"Mimi sili, hata ikikauka."

Chihiro aliweka kiganja mdomoni. Alisikitika kikweli, machozi yakamlengalenga. "Masikini! Hatukufikiria kabisa. Basi mwakani tutakutafutia biskuti."

Fadhila za punda ni mateke, lakini punda angalau hafungi teke lake kwa utepe.

Nyumbani, mama yake alipokea boksi kwa mikono miwili, akasoma maandishi kwa taratibu, maana kusoma Kijapani kulimpa tabu hata baada ya miaka ishirini na moja. Alifurahi. Alifungua, akanusa, akafunika.

"Wanajua kwamba hunywi?"

"Wanajua, Ammi."

"Walikupa wakijua?"

"Walisahau."

"Na huo mti, si uliniambia ulitokana na maji ya udhu wako? Ni wa nani?"

"Ni wa wote, Ammi."

Mama yake alinyanyua boksi. Kisha alilitoa nje, akamwaga makaki juu ya theluji nyuma ya gari bovu. Kunguru waliyala, na hadi magharibi walikuwa bado wanajaribu kuruka.

Jumatano, saa sita na dakika arobaini, Mahnoor aliweka beseni kwenye sinki la ghorofa ya tatu, akainua mguu wa kulia. Maji yalikuwa ya baridi kali. Nyuma yake msichana mgeni kwake alikuwa akisubiri kunawa mikono. Alitazama ule mguu, akakaza uso, kisha akasoma tangazo, uso ukalegea.

"Aa, kwa ajili ya mti," alisema.

"Kwa ajili ya mti," alijibu Mahnoor.

Alipandisha beseni, akaumwagilia mti, majani yakakunjuka. Kwenye vidaraja walikuwa wanakula, wakamsalimia kwa jina wakibana magoti apite. Kisha alishuka ghorofa zote, soksi zimeloa, akaenda kupangusa theluji nyuma ya banda la baiskeli, mahali pa kuweka paji la uso.