Mgonjwa Aliyetibiwa Kabla Hajafika

Ofisini walimwita Dada Mkubwa, maana alianza kuandika programu pale kabla ya wote. Basi fikiria roho ilivyomuuma siku bosi alipompa Mpole, mgeni wa juzijuzi, kazi ya foleni ya hospitali, na kusema ikienda vizuri Mpole ndiye mkuu wa kitengo. Cheo alichokisubiri miaka sita!

Kazi yenyewe: kompyuta ibuni wagonjwa mia tano, impe kila mmoja muda wa kukaa kwa daktari kwa kubahatisha, ili hospitali ijue iajiri madaktari wangapi. Kubahatisha huko si kwa ovyo. Wengi wakae kama dakika kumi, wachache wazidi, wachache wapungue.

Wivu hauna likizo. Jumatatu, wenzake walipokwenda kula, Dada Mkubwa aliifungua kazi ya Mpole akitafuta kasoro, na hakukosa. Mgonjwa wa arobaini na mbili alipewa dakika hasi tatu. Yaani katoka kabla hajaingia. Programu ilichota namba ikapitiliza chini ya sifuri, na hakuna aliyeizuia. Mstari mmoja ungetosha. Alicheka peke yake mpaka akakohoa, akafunga, akaenda kula kwa raha zake.

Aliporudi, Mpole alimletea chai, akamwomba aikague kazi kabla ya Alhamisi, siku ya kuwaonyesha watu wa hospitali. Akamjibu hana nafasi. Chai akainywa.

Alhamisi kazi ilimulikwa ukutani mbele ya wote, na mganga mkuu wa hospitali akavaa miwani, akasoma orodha, akaomba akutanishwe na huyo aliyepona njiani. Watu wakaangua kicheko. Dada Mkubwa akainama kuficha tabasamu. Bosi, ambaye hakucheka, akamuuliza Mpole sehemu ile kaiandikaje.

"Sikuiandika mimi," Mpole alisema kwa haya. "Ya kuchota namba niliichukua kwa Dada, ile ya mwaka juzi. Sikugusa hata nukta. Nikaweka jina lake juu, sifa zimfikie."

Kweli, jina lilikuwa pale ukutani, kwa herufi kubwa, juu kabisa, ambako Jumatatu hakupandisha macho. Dada Mkubwa aliikumbuka siku alipoiandika: alikuwa na haraka ya kuwahi nyumbani. Akaanza kusema kwamba kama angeonyeshwa mapema angerekebisha.

Bosi alishuka mpaka chini ya ukurasa, kompyuta inapoandika kila aliyefungua kazi, na saa yake.

"Uliifungua Jumatatu saa saba mchana," alisema taratibu. "Uliona nini, Dada?"

Mpole alikuwa bado anamtazama, akingoja amtetee.