Libanga la Mama Madeleine

Bruno alikuwa na sheria moja: katika albamu yake hakuna kutupa libanga. Wanamuziki wa rumba na watupe wapendavyo, waite katikati ya wimbo majina ya marafiki na wakubwa mpaka pumzi ziwaishie. Kundi lake lilikuwa la roki, la kwanza kusikika mtaani kwao Mudzipela, mjini Bunia, na roki, alisema, haimsalimii mtu.

Fanny, mwimbaji wao, alikubali kwa kichwa kama alivyokubali kila kitu. Alikuwa msichana wa maneno machache. Sauti yake yote aliiweka kwenye wimbo. Nyumbani mama yake alijua kwamba mchana anaenda kujifunza kushona. Mama Madeleine aliongoza kwaya ya akina mama kanisani, na magitaa ya kelele aliyaita muziki wa mashetani. Siku atakayojua, kuimba kutakuwa kumekwisha. Juu ya hilo Fanny hakuwa na shaka.

Walirekodi kwa Xavier, fundi wa sauti, katika chumba alichokizungushia magodoro ukutani ili sauti isirudi. Kwa kawaida ni kwaya zilizokuja pale. Wimbo wa mwisho Bruno alitaka upigwe kwa pamoja, kama mbele ya watu, sauti na vyombo vikamatwe mara moja. Orly akazichapa ngoma mpaka jasho likamwingia machoni. Kisha gitaa la Bruno likashika njia peke yake, likapanda, likalia kama mtu, na Fanny akafumba macho. Gitaa likiacha nafasi namna ile, mtoto aliyekulia Bunia mdomo wake hufunguka wenyewe. Akaita kwa sauti tamu: "Mama Madeleine wa Mudzipela, mama asiyechoka."

Hakujua kama ameita mpaka Xavier alipowasikilizisha.

Orly alicheka akashika tumbo. Bruno hakucheka. Akamwuliza Xavier kama jina lile linaweza kutolewa, na Xavier akajibu kwamba likitoka, litatoka na gitaa. Basi Bruno akasikiliza tena, ameinamisha kichwa.

"Tunaweza kurudilia," akamwambia Fanny. "Lakini gitaa ya vile sitaipigaka tena. Weye unasema nini?"

Fanny alitaka kusema warudie. Neno lilifika kwenye ulimi, likakaa pale pale. Bruno akauchukua ukimya wake kuwa ndiyo, jina libaki.

Albamu ilipotoka, Michée wa redio aliipiga Jumamosi asubuhi. Wazee walisema ni kelele ya mabati chini ya mvua ya mawe. Vijana wa pikipiki waliipenda, wakaenda nayo mpaka Iga Barrière. Na yule mwenye kibanda cha kuwekea watu nyimbo kwenye simu aliufungulia wimbo wa libanga soko lote, akaurudia na kuurudia, kwa maana watu walifurahi kusikia Mudzipela yao ikitajwa. Ndani ya soko hilo hilo Mama Madeleine alikuwa ameketi nyuma ya maharagwe yake.

Jioni Fanny aliwasikia wakija tangu barabarani, mama yake na jirani yao Valérie. Mwiko ukamganda mkononi.

"Mama Fanny," Valérie alikuwa akisema, "kuanzia leo, juu ya kukuona, tutaombaka odiansi, sawa kwa gavana." Akacheka peke yake, akapita kwenda kwake.

Mama Madeleine aliingia, akaketi, akavua viatu kimoja kimoja. Akamtazama binti yake.

"Ile kushona, ulishona nguo gani?"

Fanny aliuweka mwiko chini.

"Hata kitambaa ya mukono?"

"Hapana, mama."

"Ulinidanganya."

"Ndiyo, mama."

Mama alivisogeza viatu kando. Kisha akasema kwamba sokoni muuza samaki, yule mwenye kiburi, alikuja kumwamkia kwa mikono miwili. Wanawake wa kwaya nao walimzunguka, wakiuliza ni mtoto gani anayemkumbuka mama yake hivyo. Yeye mwenyewe kelele zile hakuzielewa, wala hatazielewa. Lakini jina alilisikia.

"Lakini unaniita wa Mudzipela juu ya nini? Hapa tunapanga tu. Siye tuko batu ya Kpandroma. Sasa ndugu zangu kule batajua aje kama ni miye?"

Fanny aliinua macho polepole. Uso wa mama yake ulikuwa umekunjwa, lakini hasira yote ilikuwa juu ya Kpandroma, haikuwa na kitu kingine ndani.

"Mu wimbo ingine nitarekebisha," akasema.

"Urekebishe. Na kushona, usinitajie tena."

Ndipo pumzi zikamtoka Fanny, ndefu, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Akapakua bugali, akaweka na mboga katikati yao, na njaa ambayo hakuwa ameisikia tangu asubuhi ikamjia yote kwa pamoja.