Sijambo ya Uongo

Walinipeleka semina ya siku tatu, nikarudi mwalimu wa afya ya akili. Siku ya kwanza Kidato cha Tatu walinicheka. "Kwani sisi wendawazimu, Mwalimu?" aliuliza Junaid, na darasa zima likaangua kicheko mpaka wauza vitambaa wa mtaa wa Mlandege wakageuka kutazama madirisha ya skuli.

Nikaweka pembeni daftari la semina. Nikawaambia watazame neno tunalotupiana kutwa. Hujambo, yaani huna jambo? Na sisi hujibu sijambo, hata mwenye jambo linalomkosesha usingizi. Nikawapa sharti: humu darasani, mwenye jambo asiseme sijambo.

Wiki tatu niliuliza, wiki tatu wakanijibu sijambo kwa sauti moja. Nilikasirika, maana nilikuwa namtazama Kidawa, msichana wa Jambiani aliyeletwa mjini kukaa kwa shangazi yake. Alikuwa ameacha kula wakati wa mapumziko, ameacha hata kuandika, na kila nikimwita pembeni ananiambia yu mzima.

Mimi mwenyewe haniulizi mtu. Ukishafika umri wa kupewa shikamoo, unajibu marahaba na mazungumzo yanaishia hapo. Tangu dada yangu Radhiya afariki kabla ya Ramadhani, ninakaa peke yangu katika vyumba vyetu viwili, na upweke umenichosha. Kila asubuhi bado ninanunua boflo mbili, mkate wangu na mkate wake. Ya pili inakauka mezani na siitupi.

Alhamisi wenzake walipotoka, Kidawa alibaki.

"Shikamoo, Bi Ummkulthum."

"Marahaba."

Hakuondoka. "Na wewe hujambo?"

Sikumbuki mwanafunzi mwingine aliyewahi kuniuliza. "Sijambo," nikasema, nikampa mgongo nikifuta ubao uliokwisha kufutwa.

Nilipogeuka alikuwa ananitazama machoni, na macho yangu yalikuwa yameshaniumbua. Akaitikia kwa kichwa, taratibu, akachukua mkoba wake. Nilimwona anaufikia mlango, nikajua kwamba akitoka sasa hataniambia kitu tena.

"Kidawa."

"Naam."

"Nimekudanganya. Nna jambo."

Alisimama, mkono juu ya kitasa. Halafu akarudi, akavuta kiti mpaka mbele ya meza yangu, akakaa na mkoba mapajani.

"Basi anza wewe, Mwalimu," alisema.